Jibu: Nahamia Ubud na familia, tutakula wapi?

Karibu sana ndugu yangu. Umeuliza kama mtapata chakula halali huko Ubud, kisiwani Bali, Indonesia, na kama mshahara utatosha kula nje kila siku. Vyote viwili vinawezekana, ila zoeeni warung, yaani vibanda kama vya mama lishe wetu.

Agiza nasi campur: wali katikati, pembeni vijiko vya mboga, tempe (soya iliyochachushwa na kugandishwa), yai, kuku, na sambal matah. Hiyo sambal ndiyo iliyonituliza roho nilipokumbuka nyumbani. Ni vitunguu vidogo vibichi, mchaichai na pilipili, vyote vimekatwa vyembamba kisha vikamwagiwa mafuta ya nazi ya moto. Unaisikia harufu kabla sahani haijafika mezani.

Kuhusu halali, uwe makini kweli. Wabali wengi ni Wahindu na nguruwe analiwa sana. Babi guling ni nguruwe mzima wa kubanika, na lawar, mchanganyiko wa mboga, nazi na nyama iliyokatwakatwa, mara nyingi hutiwa damu. Tafuta kibao cha "warung muslim" au mikahawa ya Padang, yaani ya mapishi ya Waislamu wa Sumatra, ambako unaona vyakula dirishani na kuchagua.

Kwenye mikahawa ya watalii, ukiona alama ++ kando ya bei, ujue kodi na huduma vitaongezwa juu. Mimi bili ya kwanza ilinishtua.

Na siku ya Nyepi, siku ya ukimya ya Wahindu wa Bali, kisiwa kizima kinafungwa, hata uwanja wa ndege. Nunueni chakula mapema, hasa mkiwa na watoto.