Altrasaundi milimita 24, patholojia milimita 17: je, dawa ilipunguza uvimbe?

SWALI: Kabla ya upasuaji wa titi, altrasaundi ilionyesha uvimbe wa milimita 24. Ripoti ya patholojia (uchunguzi wa maabara wa nyama iliyotolewa) inasema kipande kilichotolewa kilikuwa sentimita 9 kwa 7 kwa 3.5, saratani vamizi (iliyopenya tishu zinazoizunguka) milimita 17, na eneo lote pamoja na saratani ya ndani ya mirija milimita 31. Kwa wiki tatu kabla ya upasuaji nilikunywa dawa ya mitishamba, na aliyeniuzia anasema tofauti hiyo ni ushahidi kwamba imefanya kazi. Je, niendelee nayo?

JIBU: Hapana. Namba hizo mbili zimetokana na njia tofauti za kupima, kwa hiyo huwezi kutoa moja kwenye nyingine ukapata kiasi kilichopungua.

Sentimita 9 ni urefu wa nyama yote iliyoondolewa, pamoja na tishu zisizo na saratani zinazouzunguka uvimbe. Maabara hupaka wino pande za kipande ili kingo zitambulike, kisha hukikata slesi za takriban milimita 5 na kuupima uvimbe kwa rula. Lakini jicho na vidole huweza kudanganywa na kovu la biopsi (kipande kidogo kilichochukuliwa awali kwa uchunguzi) au tishu ngumu isiyo na saratani, ndiyo maana kipimo huthibitishwa kwa hadubini. Na kinachoandikwa kuwa ukubwa wa uvimbe ni urefu mkubwa zaidi wa saratani vamizi peke yake. Ile ambayo bado imo ndani ya mirija ya maziwa haiingizwi, na hapo ndipo 17 na 31 zinapotofautiana.

Altrasaundi haioni seli. Inaonyesha kivuli ambacho ndani yake panaweza kuwa na saratani vamizi, ile ya mirija na kuvimba kwa kawaida kwa tishu jirani, kwa hiyo tofauti ya milimita kadhaa hutokea hata kwa mgonjwa ambaye hakutumia dawa yoyote. Mara nyingine mambo huwa kinyume: saratani ya lobula (vitezi vinavyotengeneza maziwa), ambayo seli zake hupenya moja moja bila kufanya donge, mara nyingi hukutwa kubwa kuliko ilivyoonekana kwenye picha. Wauzaji wa dawa kama hiyo hawasemi kamwe kuhusu saratani hii.

Uvimbe uliopungua kweli huacha alama. Kwa waliopewa tibakemikali kabla ya upasuaji tunakuta kovu mahali ulipokuwa, seli za kinga zilizomeza mabaki, na pengine visiwa vichache vya saratani vilivyotawanyika. Na maendeleo yao hufuatiliwa kwa kurudia kipimo kilekile. Hoja ya namba mbili zisizolingana naiona mara kwa mara, na inanikasirisha kwa sababu wapo wanaoahirisha upasuaji wakisubiri namba ishuke tena, huku saratani ikifika kwenye tezi za kwapani. Yeyote anayekuonyesha picha ya altrasaundi na ripoti ya maabara kama ushahidi wa tiba yake, ama hajui vipimo hivi ama anakudanganya.

Acha dawa hiyo, na mtajie daktari wako kila ulichokunywa, kwani baadhi ya mitishamba huingilia dawa za saratani. Milimita 17 inakuweka katika kundi la T1 la ukubwa wa uvimbe, lenye mwisho wa milimita 20, lakini matibabu yako yataamuliwa pia na hali ya tezi za kwapani, vipokezi vya homoni kwenye seli za saratani na HER2 (protini inayochochea ukuaji wake), kwa hiyo mpelekee ripoti nzima.