“Kaunti ya zamani” au “iliyokuwa kaunti”?

Swali: Ninaandika historia fupi ya Milton, kaunti ya wakulima katika jimbo la Georgia, Marekani, ambayo sasa haipo. Niiite “kaunti ya zamani ya Milton” au “iliyokuwa Kaunti ya Milton”? Na je, ni sawa kuandika kwamba “iliunganishwa na Kaunti ya Fulton”?

Jibu: Chagua “iliyokuwa Kaunti ya Milton”. Neno “zamani” hueleza umri kabla ya kueleza kukoma, na kwa hiyo “kaunti ya zamani” yaweza kuwa kaunti kongwe ambayo ingali hai, kama vile msikiti wa zamani ungali ukisaliwa. Katika habari yako utata unazidi, kwa sababu tangu 2006 upo mji uitwao Milton katika eneo hilohilo, na msomaji akikuta “Milton ya zamani” huenda akadhani unazungumzia mitaa mikuukuu ya mji huo. Ukiitaja pamoja na Campbell, jirani wa Fulton upande wa kusini aliyepatwa na hali hiyohiyo, upatanisho uwe wa wingi: “zilizokuwa kaunti za Milton na Campbell”.

Hata hivyo, “iliyokuwa” isitumike kila mahali. Milton iliundwa mwaka 1857 kwa ardhi iliyomegwa kutoka kaunti za Cobb, Cherokee na Forsyth, ikadumu hadi mwisho wa 1931. Basi mtu aliyezaliwa huko mwaka 1900 alizaliwa katika Kaunti ya Milton, bila nyongeza yoyote, na kuandika kwamba alizaliwa Fulton ni kosa la historia, si la lugha tu. Mji wa Alpharetta nao ungalipo. Kilichokoma ni hadhi yake, kwa hiyo ni “mji uliokuwa makao makuu ya Kaunti ya Milton”, wala si “uliokuwa mji wa Alpharetta”.

Swali lako la pili ndilo lenye mtego. Baada ya kitenzi cha kutendwa, “na” humtaja mtenda, lakini pia huunganisha wawili walio sawa. “Milton iliunganishwa na Fulton” yaweza kumaanisha kwamba Fulton ndiyo iliyofanya kazi ya kuunganisha, au kwamba mbili hizo zilizaa kaunti mpya. Lililotokea ni kwamba kaunti hiyo, ikiwa imeelemewa kifedha wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, iliingia ndani ya Fulton mwanzoni mwa 1932, na jina la Fulton likabaki. Andika “iliingizwa katika Kaunti ya Fulton” au “ilifanywa sehemu ya Kaunti ya Fulton”. “Ilimezwa” ina ladha nzuri, ila inamtia Fulton uchu ambao utalazimika kuuthibitisha. Kwa mji wa Roswell, uliotolewa Kaunti ya Cobb ili ardhi ya kaunti iliyopanuka isikatike, “ulihamishiwa Fulton” inatosha.