Usipige kahawia iliyokoza juu ya ukuta mweupe bila anda koti ya kijivu

Mkuu, weka rola chini kwanza. Umeuliza mapazia gani yataendana na sebule ya kahawia ya chokoleti na kama dari ibaki nyeupe, halafu katikati umetaja kwamba kuta sasa hivi ni nyeupe na muuza rangi amekwambia anda koti (rangi ya chini inayotangulia rangi yenyewe) ni kupoteza hela, kupaka kahawia mikono miwili, yaani mara mbili, inatosha. Haitoshi. Nami niliambiwa maneno hayo hayo nikayaamini.

Kahawia iliyokoza haifuniki ukuta kama nyeupe. Kinachoifanya nyeupe ifunike ni unga mweupe wa titani dioksidi, na besi (rangi ya msingi kabla ya kutiwa tinta) ya kuchanganyia rangi nzito haina unga huo, au inao kidogo sana, maana ukizidi chokoleti inageuka chai ya maziwa. Ndiyo maana rangi inaonekana nzito kwenye kopo, lakini ukutani inapitisha mwanga. Juu ya nyeupe, mkono wa kwanza unatoka michirizi, wa pili mabaka, wa tatu bado nyeupe inachungulia kwenye kona ulizopita kwa brashi. Hapo mtu anaongeza wa nne, wa tano. Kila mkono unazidisha vinundu vya rola, na tinta (rangi ya kukoleza) nyingi iliyomo inachelewesha rangi kukomaa. Ukifuta ukuta kwa kitambaa kibichi, kahawia inatoka nacho.

Piga hesabu. Chumba chako ni mita 4 kwa 5. Kuta zikiwa na kimo cha mita 2.8, ukitoa mlango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 45. Lita 1 inafunika takriban mita za mraba 10, kwa hiyo kila mkono unakula lita 4.5. Mikono mitano ni lita 22.5. Ukianza na anda koti ya kijivu, ni lita 4.5 za anda koti na 9 za kahawia, basi. Huyo anayekwambia uiruke anakuuzia lita 9 za ziada, na mashine ya kutia kijivu iko hapo hapo mbele yake! Hili linaniudhi kuliko yote.

Kijivu chenyewe kiwe kizito, si kile cha moshi mwepesi. Weka sampuli yake kando ya kahawia, upige picha kwa simu bila rangi (nyeusi na nyeupe): zikikaribiana kwa ukolevu, hicho ndicho.

Kabla ya hapo ziba matundu, piga msasa namba 180 mpaka 220, kisha mulika tochi ubavuni mwa ukuta, maana rangi nzito ikiwa na mng'ao inaanika kila shimo. Palipozibwa pakikosa anda koti patafyonza rangi na kuacha baka hata ukipiga mara kumi. Makopo yote yamimine kwenye ndoo moja uyakoroge pamoja, kwa sababu kahawia ya kopo moja huweza kutofautiana kidogo na ya jingine. Ukuta ukiuanza umalize bila kupumzika. Ukingo ukikauka, rola ikirudi juu yake itaacha mstari.

Kama ndoo ya kahawia bado hujaifungua, rudi dukani leo uitishe anda koti ya kijivu. Akikataa kuitia rangi, nenda duka jingine.