Kabla hujaongeza programu kwenye mfumo wa msingi

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandaa flashi ya kusakinisha Debian, mfumo endeshi huria, kwenye kompyuta za maabara ya shule moja ya sekondari, mbali na mjini. Nilijaza kila nilichokipenda: vihariri vitatu vya matini, vicheza muziki, hata seva ya wavuti. Tulipofika, Wi-Fi ikagoma. Kadi zilihitaji faimwea, zile faili zinazopakiwa ndani ya kadi kompyuta inapowaka, nami sikuziweka. Faili zenyewe ziko kwenye intaneti, na njia ya kuifikia intaneti ni kadi ile ile. Siku nzima tulishinda tukizipakua kwa simu, kwa bando letu, na kuzihamisha kwa flashi mashine moja moja.

Ndiyo maana nawasihi mnaoanza kuchagua programu za mfumo wa msingi, yaani zile zinazokuja pamoja na mfumo wenyewe: msianze na ubora wa programu. Ulizeni, ikikosekana, mtumiaji ataweza kuifuata mwenyewe? Kicheza muziki anakipata kwa amri moja. Lakini faimwea ya mtandao, kihariri kimoja cha kurekebishia mipangilio na chombo cha kusakinishia vifurushi (programu zilizofungwa tayari kusakinishwa), hivyo vikikosekana amekwama.

Debian wenyewe walilibishania suala la faimwea kwa miaka, kwa kuwa nyingi si programu huria. Mwaka 2022 wakapiga kura, na Debian 12, Juni 2023, ikatoka nazo ndani ya kisakinishi rasmi. Waliopinga walikuwa na hoja ya kanuni, nami naiheshimu. Ila baada ya siku ile shuleni, ningepiga kura ya ndiyo.

Swali la pili ni nani atakitunza kila unachokiingiza. Kuingiza kitu ni dakika tano. Kukitoa ni kazi, maana vingine vimeshaanza kukitegemea. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine huria, walikuwa na Perl, lugha ya kuandikia programu, kwenye mfumo wa msingi, na kila toleo jipya la Perl lilikuwa mzigo kuliingiza. Walipoamua kuitoa, kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2003, iliwabidi kwanza waandike upya zana zao zilizoitegemea. OpenBSD nao, ndugu wa FreeBSD, katika toleo la 5.8 la mwaka 2015, waliiondoa sudo, amri ya kumpa mtumiaji mamlaka ya msimamizi, kwenye msingi wakaweka doas, inayofanya kazi hiyo hiyo lakini ndogo zaidi na rahisi kuikagua. Anayeitaka sudo bado anaisakinisha kama kifurushi.

Ukimaliza orodha yako, isakinishe kwenye mashine isiyo na mtandao, izime, iwashe, kisha jaribu kuifikisha kwenye intaneti kwa vilivyomo tu.

Niliporudi shuleni pale muhula uliofuata, flashi ilikuwa na faimwea, kihariri cha nano, na LibreOffice, programu za kazi za ofisi. Hiyo ya mwisho inapatikana kwa amri moja, najua. Lakini ni mamia ya megabaiti kwa kila mashine, na bando lile wangelilipia walimu kutoka mifukoni mwao.