Kwa mama wa Kasulu mwenye binti chuoni Tabora

Mama, shikamoo. Umeuliza kama umrudishe binti nyumbani, maana mkopo umekuja kiasi kidogo na macho yake hayaoni vizuri ubaoni. Tafadhali usimrudishe. Kwanza akate rufaa. Bodi ya Mikopo hufungua dirisha la rufaa baada ya kupanga mikopo, na ombi hupitia kwenye akaunti yake ileile ya mtandaoni. Wengi hupata pungufu kwa sababu ya karatasi: cheti cha kifo cha mzazi hakikuhakikiwa RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo), namba ya kaya ya TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini) haikujazwa, au ulemavu haukuthibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya. Hiyo ya mganga anza kuiulizia wewe hapo Kasulu, kabla binti hajapanda gari kuja kuifuata.

La pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi: aende ofisi ya mshauri wa wanafunzi wiki hii, aseme wazi kuhusu macho. Watoto wetu wanaona aibu, wanakaa nyuma darasani kimya hadi mtihani unawashinda. Aombe karatasi za maandishi makubwa, muda wa ziada kwenye mtihani, na kiti cha mbele. Ada nayo aombe kuilipa kwa awamu, na makubaliano yawe ya maandishi yenye mhuri.

Na akikupigia simu usiku analia, usianze na habari ya hela. Muulize kwanza kama amekula.