Jibu: Waanglikana wa Unguja na wa Dodoma, mbona ibada hazifanani?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini ulisali katika kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, ukakuta ubani na kengele, kisha Dodoma ukakuta kasisi na mahubiri marefu, na wote ni Waanglikana. Hukupotea njia.

Asili yake ni wamisionari. Zanzibar, Korogwe na Masasi ilikuja UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati), watu wa Misa, chetezo na kuungama kwa padre. Mombasa na Dodoma ilikuja CMS (Church Missionary Society), walioitanguliza Biblia na mahubiri. Mpaka leo ukisikia mtu anasema "Misa" na mwenzake "Ushirika Mtakatifu", unaweza kukisia katokea wapi.

Kinachotufunga pamoja ni maaskofu na Kitabu cha Sala, kilichotolewa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1549, kazi ya Thomas Cranmer. Ukitaka kujua tunaamini nini, sikiliza tunavyosali. Lile ungamo la Sala ya Asubuhi hutaja tuliyoacha kuyatenda kabla ya tuliyoyatenda. Hapo ndipo linaponichoma, maana mengi yangu ni ya kuacha.

Ukirudi Mkunazini, sogea karibu na altare. Askofu Edward Steere wa UMCA alianza kulijenga kanisa lile 1873, mwaka soko la watumwa lilipofungwa, papo hapo sokoni. Mapokeo yanasema altare imekaa palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe. Nikipiga magoti pale maneno yangu hunikauka kabisa. Nasali yale ya kitabu.