MASWALI YA WASOMAJI: Vifaa vya umeme wa ukutani vinadunda, vya sola vinanyamaza

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni fundi mdogo wa elektroniki hapa Morogoro, nimetengeneza vifaa 9 vya kupima maji kwenye tenki, ndani kuna kompyuta ndogo ya Arduino Nano, sensa na moduli ya laini ya SIM800L, kila nusu saa kinamtumia mwenye tenki meseji ya kiwango cha maji. Mezani kwangu nilikitesti wiki 2 hakikusumbua hata mara moja. Sasa 6 vinatumia umeme wa ukutani na havina tatizo, ila 3 vya mashambani vya sola na betri vinanitoa jasho, kila baada ya kama mwezi na nusu vinanyamaza, na mzee mmoja anasema kabla hakijanyamaza simu yake ililia meseji mfululizo zaidi ya robo saa. Nikienda nabadilisha betri naweka vocha kinafanya kazi, halafu baada ya muda uleule tena kimya. Juzi ng'ombe wake wameshinda na kiu. Je, nidizaini upya upande wa sola au niajiri kijana awe anavizungukia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole kwa safari zote hizo, na pole zaidi kwa mzee na ng'ombe wake.

Kabla hujanunua paneli nyingine, fungua programu yako utafute penye millis(). Kwa dalili ulizotaja karibu nina uhakika utakuta umeandika kitu kama if (millis() > ijayo), yaani muda ukipita tuma meseji, halafu ijayo unaipa millis() ukiongeza nusu saa. Hiyo millis() ni kaunta inayohesabu milisekunde tangu kifaa kiwashwe, na inajaa baada ya siku 49 na masaa kama 17, kisha inarudi sifuri. Ikikaribia kujaa, ukiongeza nusu saa jibu linazunguka linakuwa namba ndogo, kifaa kinaona muda umeshapita, kinatuma, kinahesabu tena kinaona umepita tena, kinatuma tu hivyo mpaka kaunta irudi sifuri au salio liishe. Hizo ndizo meseji za mzee. Baada ya hapo kifaa ni kizima kabisa ila hakina hela ya kutuma.

Na vile 6 vya ukutani vina ugonjwa uleule, ila umeme ukikatika vinazima na kuwaka upya, kaunta inaanza moja. Sola yako uliifunga vizuri kiasi kwamba kifaa hakijawahi kuzimika hata mara moja, ndio maana kinafika siku ambayo wenzake hawafiki. Na wewe ukibadilisha betri unakizima na kukiwasha bila kujua kwamba hiyo ndiyo dawa, unaondoka unaamini ilikuwa betri!

Usijisikie vibaya. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme kila baada ya muda, kwa sababu zikikaa na umeme siku 248 mfululizo kaunta ndani ya programu za majenereta ingejaa na ndege ingeweza kukosa umeme hata ikiwa angani. Ndege nzima, na dawa ya haraka ikawa hiyohiyo, zima washa.

Kurekebisha ni mstari mmoja: if (millis() - mwisho >= muda), mwisho ni millis() ya meseji iliyopita na muda ni nusu saa, zote ziwe unsigned long (aina ya namba nzima isiyo na hasi), ukitoa badala ya kujumlisha hesabu inabaki sawa hata kaunta ikizunguka. Ila nakuomba usiishie hapo. Wiki 2 za mezani hazingeionyesha hii hata ungekaa nayo usiku na mchana, kwa hiyo andika funksheni yako ndogo inayorudisha millis() ukijumlisha namba kubwa, saa ya kifaa ianze ikiwa zimebaki dakika 2 ijae, uone kwa macho yako inavyovuka. Hiyo testi ni ya jioni moja.

Sasa kuhusu kijana wa kuzunguka. Atafika baada ya ng'ombe kukosa maji, na atafanya unachofanya wewe. Mimi ningetaka kifaa chenyewe kiseme hali yake, kila asubuhi meseji moja ije kwako, siyo kwa mteja, mfano T3 SIKU 41 BETRI 3.9 WAKA 2, maana yake tenki la 3 lina siku 41 halijazimika, betri volti 3.9, limewaka upya mara 2 tangu ufunge. Ungekuwa na hiyo tu, ungeona vyote vinanyamaza kwenye 49. Idadi ya kuwaka iandike kwenye EEPROM (memori isiyofutika kifaa kikizimwa) pale kinapowaka tu, usiiandike kila dakika, sehemu moja ya ile memori inahakikishiwa kuandikwa mara 100,000, na kila dakika hiyo inaisha kwa siku 69 tu. Weka pia kikomo, meseji zisizidi 4 kwa saa, programu ikichanganyikiwa isile salio la mtu.

Wochidogi, yaani kile kipima muda kinachokiwasha upya kifaa programu ikiganda, weka, lakini kwa hili isingekusaidia, maana programu haikuganda, ilikuwa inafanya kazi kwa bidii kabisa ila kwa hesabu mbovu.

Na bei. Nahisi uliuza boksi ukadhani biashara imeisha, nauli zote hizi zinatoka mfukoni kwako. Wateja wapya waambie kabisa kuna hela ya matunzo kila mwezi, humo iingie vocha, betri na safari, na kifaa kimoja pacha kibaki kwako kinawaka muda wote kwenye betri kama vile vya shamba.

Kwa leo lakini chukua daftari uhesabu siku tangu ulipobadilisha betri ya kila kimoja. Chochote kilichovuka 40, panda bodaboda kesho ukakizime na kukiwasha, una siku nyingine 49 za kuandika programu mpya bila presha, na uanze na cha mzee.